Maji ya mfongo wetu yanatoka wapi

Nimekulia Machame nikiamini, kama jirani zangu wote, kwamba maji ya mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ni theluji iliyoyeyuka ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mzee anayegawa zamu za maji aliniambia hivyo tangu nikiwa mdogo. Barafu ilipozidi kupungua niliingiwa na hofu ya kweli: ikiisha, migomba itanyweshwa na nini?

Nikaamua kupima. Maji hayalingani uzito. Yapo yenye oksijeni-18, ambayo ni nzito kuliko ile ya kawaida. Wingu likipanda mlima, maji mazito hutangulia kudondoka, hivyo mvua ya juu huwa nyepesi kuliko ya bondeni. Kila mwinuko una alama yake.

Nilitega mvua sehemu tatu: Moshi mjini, nyumbani, na ukingoni mwa Nusu Maili, ukanda wa chini wa msitu. Kila mtego ni faneli juu ya dumu, na ndani mafuta ya parafini yanayotanda juu ya maji yasipate kuvukiza. Kwenye chemchemi inayolisha mfongo niliizamisha chupa nzima, ikajaa pomoni, nikafunga kifuniko humo humo majini. Ukiipindua usione kipovu hata kimoja. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza: niliacha nafasi ya kidole, chupa zikakaa kwenye chumba chenye joto, maji mepesi yakavukiza. Kazi ya miezi miwili ikaharibika, nikaanza upya masika yaliyofuata.

Majibu ya maabara yaliponifikia niliyasoma mara tatu. Maji ya chemchemi yalikuwa mepesi kuliko hata mvua ya mtego wa juu kabisa. Nilipofuata kiwango cha kupungua uzito kutoka mtego hadi mtego, hesabu ilinifikisha mita 2,000 na ushei, katikati ya msitu, mbali sana na kilele cha mita 5,895. Tena alama haikubadilika masika wala kiangazi, wakati ile ya mto iliyumba kila mvua iliponyesha. Maana yake maji hayo huchanganyika ardhini muda mrefu kabla ya kutoka. Barafu ya Kibo yenyewe, sehemu kubwa hupotelea hewani bila hata kuwa maji.

Nilimpelekea mzee habari. Alinyamaza kidogo, akageuka kuutazama msitu.

“Basi mwanangu, wale wanaokata miti kule juu wanakata mfongo.”

Tangu siku hiyo tunapanda mlimani pamoja kila mwezi kubadilisha madumu.