Nilivyofuatilia presha ya mama kwa simu, yeye akiwa Tanga nami Dar es Salaam

Mama yangu anaishi Tanga nami ninafanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo alipoanzishiwa dawa za shinikizo la damu nilitafuta njia ya kuijua hali yake zaidi ya kumpigia kila jioni na kujibiwa, "Mie mzima, mwanangu, wasiwasi wa nini?" Presha mara nyingi haina dalili, na jibu la namna hiyo halimsaidii mtu kitu.

Nilipopekua programu za simu, nilizitupa kwanza zile zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole juu ya kamera. Huko Marekani iliwahi kuuzwa moja ya aina hiyo, Instant Blood Pressure, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu wanne kati ya kila watu watano wenye presha ya juu walisomewa kuwa hawana. Mwaka huohuo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliwachukulia hatua watengenezaji wake. Kwa maoni yangu simu ifanye kazi ya karani tu, na kupima kubaki kwa mashine yenye mkanda.

Nilinunua mashine inayofungwa juu ya kiwiko, ambayo hutuma majibu kwenye simu kwa Bluetooth, na nikachagua programu inayohifadhi kumbukumbu bila bando na kutoa ripoti inayoweza kuchapishwa. Ilipoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina na kujua mahali mama alipo, nilikataa yote mawili, nayo ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, ila ni vigumu kulalamika baadaye ikiwa mwenyewe ulishabonyeza "ruhusu".

Kazi kubwa ilikuwa kwenye upimaji. Mama alikuwa akipima mara tu arudipo sokoni, mkanda ukiwa juu ya mkono wa dera, huku akitoa maagizo ya jikoni. Kwa simu ya video nilimwelekeza mjukuu anayeishi naye: bibi aende haja ndogo kwanza, akae dakika tano ameegemea kiti, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono usio na nguo ulale mezani usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, asubuhi kabla ya vidonge na tena jioni. "Bibi, usiongee, inasoma," nilikuwa nikimsikia mtoto akisema, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko penginepo.

Siku ya kliniki mashine ya pale ilisoma 168/94, na daktari akawa anafikiria kumwongezea dawa ya pili. Mjukuu akampa ripoti: wastani wa nyumbani ulikuwa 131/80. Daktari aliijaribu mashine yetu kwa kuilinganisha na yake kwenye mkono uleule, akaridhika, kisha akaeleza kuwa wapo watu ambao presha yao hupanda wakiwa mbele ya mganga, na kwamba kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85 badala ya 140/90 ya kliniki. Dawa haikuongezwa.

Ripoti hiyo ilionyesha pia jambo ambalo mama hakuwahi kuniambia. Kila mwisho wa mwezi namba zilipanda, kwa sababu alikuwa akivigawa vidonge nusu nusu ili vifike tarehe ya kliniki. Siku hizi fedha ya dawa ninaituma mapema.

Programu hupaka nyekundu kila namba inayopita kiwango, pamoja na mlio, jambo lililomtia mama hofu ya bure; mlio nimeuzima. Tumekubaliana kwamba ikisoma 180/120 au zaidi apumzike dakika tano apime tena, na ikirudia vilevile aende hospitali siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, mkono kulegea au maneno kupotea, mjukuu asinitumie picha ya namba wala kusubiri nijibu: aite bajaji, aniarifu wakiwa njiani.