Naandika stori ya watu wanaouana kwa sheria, na kinachonitisha sio visu

Kichwa changu siku hizi kiko Europa, ule mwezi wa Jupita uliofunikwa na barafu, maana ndo nimepeleka watu wangu huko, wanaishi kwenye mji chini ya barafu, koo kubwa chache, na sheria yao ni hii: ukivunjiwa heshima unamwita aliyekuvunjia uwanjani, na mmoja wenu harudi nyumbani.

Nikimsimulia mtu anauliza silaha kwanza. Silaha ni rahisi jamani, bunduki haiwezekani kwa sababu risasi ikitoboa ukuta mji mzima unakosa hewa, kwa hiyo ni visu, na nguvu ya uvutano ya kule ni kama sehemu moja ya saba ya huu wetu, yaani ukimrukia mtu unaenda juu mnoo na ukishakuwa hewani huwezi kubadili njia, mwenzio anakusubiri tu pale utakapotua. Bingwa wa kule ni yule asiyenyanyua miguu.

Kazi ni kumfanya msomaji aamini kwamba mtu mwenye akili zake ataenda. Hapo ndo nikaanza kusoma historia na kwa kweli nimekosa usingizi. Alexander Hamilton, mwanasiasa wa Marekani, mtoto wake Philip aliuawa kwenye pambano la hivi 1801, yeye mwenyewe akaandika kwamba dini yake na maadili yake yanapinga kabisa mambo haya, na bado Julai 1804 akavuka mto Hudson mpaka Weehawken kukutana na Aaron Burr, makamu wa rais aliyeko madarakani, akapigwa risasi na kesho yake akafa. Aliona akikataa hatakuwa na maana tena kwenye siasa. Galois, yule Mfaransa wa hesabu, naye alikufa hivyohivyo 1832, miaka 20 tu! Usiku wa kuamkia pambano anamwandikia rafiki yake barua ya hesabu, anawahi asife nazo.

Na msiseme ni zamani sana. Uruguay mwaka 1920 rais wa zamani, José Batlle y Ordóñez, alimuua kwenye pambano Washington Beltrán, mwanasiasa na mtu wa magazeti, na mwaka huohuo nchi ikahalalisha mapambano, sheria ikaja kufutwa 1992. Ilikuwa na baraza la heshima la kuamua kama tusi lenyewe linastahili watu kupigana. Hilo baraza nimelichukua lote nikalipeleka Europa.

Aibu inaua kuliko kisu, hiyo ndo stori yangu. Ndo maana shujaa wangu hapigani. Zamani kila mpiganaji alikuwa na msimamizi wake, na kazi ya kwanza ya wasimamizi ilikuwa kujaribu kuwapatanisha kabla damu haijamwagika, basi Neema ni msimamizi wa kaka yake na ana mpaka zamu ya asubuhi kulishawishi baraza la wazee watatu. Mzee mmoja mwanawe alikufa uwanjani kwa tusi dogo kuliko hili, na akikubali leo kwamba tusi halistahili kifo, atakuwa amekubali mwanawe alikufa bure. Sura hiyo ndo naiandika sasa, na huyo mzee bado hajafungua mdomo.