Lau Yusuf bin Hasan Angalibaki Ngomeni

Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, na kila nipitapo chini yake husimama nikalitazama. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya na kwa kuwatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao, ambaye jiwe linamwita dhalimu.

Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan. Baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, naye akapelekwa Goa, Bara Hindi, akiwa mtoto, akabatizwa Jerónimo na kulelewa na watawa, kisha akarejeshwa Mvita, yaani Mombasa, atawale kwa niaba yao. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kurudi katika Uislamu. Mwanzoni mwa 1632 merikebu za Wareno zilikuja kuizingira ngome, zikashindwa, zikaondoka. Miezi michache baadaye Yusuf mwenyewe aliihama, na Wareno wakaingia bila kupigana.

Wanaotunga historia mbadala ya pwani yetu hukimbilia 1498 na kumzamisha Vasco da Gama baharini. Sioni faida ya jambo hilo. Njia ya kuizunguka Afrika kusini ilikuwa imekwisha kupatikana tangu 1488, na kama si yeye angalikuja mwingine, kwa sababu tamaa ya viungo vya Bara Hindi isingalizama pamoja na merikebu zake. Hadithi ya namna hii hunishika pale tu mabadiliko yanapotegemea uamuzi ambao mtu aliyekuwepo angaliweza kuufanya kweli, na Yusuf hakufukuzwa na mtu: alikuwa ameshinda, akaondoka.

Basi angalibaki? Hapo mtunzi hana budi kuufuata mnyororo pete kwa pete. Watu wa Mombasa wasingalihitaji kuomba msaada wa Oman, na kule kuzingirwa kwa ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, kulikowamaliza watu ngomeni kwa njaa na maradhi, kusingalitokea. Wamazrui, ukoo uliotoka Oman, wasingalikuwa maliwali hapa. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, asingalipata sababu ya kuzitunga zile beti za kuutetea mji dhidi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, nami hili ndilo linaloniuma zaidi katika zoezi lote, kwani naiokoa ngome kwa mkono mmoja na kupoteza mashairi kwa mkono wa pili. Wala usingalikuwapo ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, uliohitaji mapatano ya Oktoba 1963 ili uwe sehemu ya Kenya.

Wapo wanaosema kwamba kubuni historia ni desturi ya kuazima. Lakini mwaka 1728 Mwengo bin Athumani wa Pate aliandika Utenzi wa Tambuka, akasimulia kwa beti zaidi ya elfu moja vita vikali kati ya Waislamu na Warumi, ilhali msafara wenyewe wa Mtume kwenda Tabuk ulirudi bila mapigano yoyote. Na sarufi yetu yenyewe ina kiambishi cha kazi hii: -ngali-, ambacho walimu walitusisitizia tusikichanganye na -nge-, kwa kuwa kinahusu jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita.

Katika hadithi ninayoiandika, lango lile nalo lina jiwe, lililowekwa na Yusuf mwenyewe mwaka 1635. Nimeshalieleza rangi yake, ukubwa wake na fundi aliyelichonga, ila maneno yaliyomo bado sijayaandika, maana mtu aliyelelewa Goa kwa Kireno, akatawala Waswahili na kurudi kwenye Kurani, sijaamua angalichagua kuchongewa kwa lugha gani.