Jedwali lililopotea na folda nilizozipanga upya

Najifunza upangaji wa tiba ya mionzi kwa matRad, programu huria iliyotengenezwa Heidelberg, Ujerumani. Ni ya utafiti na kufundishia, si ya kumtibia mgonjwa. Naiendesha ndani ya Octave, programu ya hesabu ambayo haina malipo, kwenye kompyuta yangu chumbani Ng'ong'ona, hapa Dodoma.

Mwanzoni kila kitu nilikirundika ndani ya folda ya programu yenyewe: skripti zangu (faili za amri), picha za CT (za skana ya eksirei) za fantomu, yaani mwili wa bandia wa kujaribia, hata majedwali. Toleo jipya lilipotoka nikafuta folda ya zamani nikafungua mpya. Skripti zilikwenda na maji. Hizo niliziandika upya kwa jioni mbili. Kilichoniumiza ni jedwali la Hounsfield, kwa sababu sikujua kama limepotea.

Picha ya CT haisemi lolote kuhusu dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho mwili unapokea. Kila nukta yake ina namba ya Hounsfield tu: maji 0, hewa -1000. Jedwali ndilo linalogeuza namba hizo ili programu ijue protoni, chembe ya mionzi, itapungua nguvu kiasi gani inapopita kwenye mfupa au mafuta, na kila skana ya CT inataka jedwali lake. matRad hulitafuta kwa jina: mtengenezaji wa skana, modeli, aina ya uchakataji wa picha, kisha aina ya mionzi. Isipolipata huchukua jedwali la jumla, hutoa onyo, halafu inaendelea na kazi. Onyo lilipita katikati ya mistari mingine, sikuliona. Nilishtuka siku niliyolinganisha na mpango wa zamani nikakuta kilele cha dozi, mahali dozi ilipo kubwa zaidi, kimesogea. Fantomu ni ileile, miale ni ileile. Nilikaa kimya muda mrefu, nikiwaza ingekuwaje kama fantomu ile ingekuwa mtu.

Sasa folda ya programu haina kitu changu hata kimoja. Matoleo ya karibuni yana folda ya mtumiaji, userdata, yenye sehemu za majedwali, mashine, wagonjwa na skripti. Yangu nimeihamishia nje kabisa ya programu, na nakala iko kwenye diski ya nje, maana umeme hukatika bila kubisha hodi. Faili la mashine, lenye data za mashine inayotoa mionzi, nalo lina masharti ya jina: aina ya mionzi kwanza, kisha jina la mashine, kama protons_Generic.

Faili za DICOM, muundo wa kawaida wa picha za hospitali, nazipanga folda moja kwa kila fantomu, CT pamoja na michoro ya mipaka ya viungo. Kubadili jina la faili hakuna madhara, kwa sababu michoro huitambua CT kwa namba za utambulisho zilizo ndani ya faili. Ukizibadilisha hizo upande mmoja tu, michoro inabaki yatima. Picha za wagonjwa siziweki kabisa kwenye kompyuta binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria nisingefanya hivyo.

Wiki iliyopita nilifuta folda ya programu kwa makusudi, nikaweka mpya, nikaielekeza kwenye data yangu. Nilisoma kila mstari wa skrini. Onyo la jedwali halikutokea, na kilele cha dozi kilikaa kwenye kina kilekile nilichokuwa nimekiandika daftarini.