Joto la Tallaght

Asubuhi za baridi napita mbele ya chuo cha Tallaght, kusini-magharibi mwa Dublin, nikielekea kazini. Tangu 2023 majengo yale yanapata joto kutoka kituo cha data cha kampuni ya Amazon kilicho jirani, yaani jengo lililojaa kompyuta zinazohifadhi vitu vya mtandaoni. Kompyuta hizo zikifanya kazi hutoa joto. Joto hilo hupasha maji, pampu ya joto huyaongezea moto, kisha yanasafiri kwenye mabomba yaliyofukiwa ardhini. Napenda sana jambo hili.

Picha za mama, aliye Tanga, nazihifadhi mtandaoni, na kwa miaka sikufikiri kwamba zinakula umeme. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wa Ireland uliopimwa kwa mita. Mwaka 2023 ikafika asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini kwa pamoja! Niliposoma hayo bili yangu ilikuwa mezani. Iliniuma.

Umoja wa Ulaya sasa unavitaka vituo vikubwa viripoti matumizi ya umeme na maji kila mwaka. Vizuri, ila mimi naomba zaidi: anayetaka kujenga kingine aonyeshe kwanza joto lake litapasha nyumba za nani.