Nguzo ya Jiko la Nyanya

Likizo ya Agosti 1996, nikiwa darasa la sita, nilimwaga mafuta ya taa ndani ya tundu la nguzo ya jiko la nyanya mzaa mama, huko Kakamega. Mjomba ndiye aliyenituma. Kila asubuhi tulikuta unga wa mbao kwenye kifuniko cha mtungi, na huko juu, karibu na mabati, nyuki mweusi mkubwa akivuma.

Tundu lilikuwa la mviringo, laini pembeni. Kidole changu kiliingia bila kukwama. Nikamimina. Mvumo ukakoma.

Nyanya aliporudi sokoni alinusa tu, akajua. Hakunipiga. Alinishika mkono hadi kwenye mimea yake ya matunda ya pasheni, akanionyesha nyuki mwingine kama yule: mweusi, mikanda miwili ya manjano, amejikita ndani ya ua huku chavua ikimpaka mgongo mzima.

"Nyuki wa mzinga ni mdogo, anapita chini bila kugusa chavua," alisema. "Huyu ndiye anayefanya pasheni zizae. Karo yenu inatoka mgongoni mwake."

Kesho yake mjomba aling'oa nguzo, tukaipasua kwa shoka. Sijasahau nilichokiona. Tundu liliingia kidogo, kisha likakata kona na kufuata nyuzi za mti, limegawanywa vyumba kwa kuta za unga wa mbao ulioshikamana. Katika kila chumba kulikuwa na donge la manjano la chavua na nekta, na juu yake yai jeupe lililopinda, au buu. Nyuki huyu, kwa jina la kisayansi Xylocopa caffra, hana malkia wala jeshi. Hazili mbao, huzitafuna na kuzitema tu. Kazi yote ni ya mama peke yake: huweka akiba, hutaga, huziba. Tulimkuta karibu na mlango, amekufa, mabawa yake meusi yakimeta zambarau.

Nyanya alizuia shoka. Kipande cha mwisho kilikuwa bado kizima, hakinuki mafuta. Akakifunga kwa kamba ya mkonge chini ya paa la banda la kuku.

Siku mbili kabla shule zifunguliwe, akatoka nyuki mwenye manyoya ya manjano-kijani mwili mzima. Nilidhani ni wa aina nyingine, nikarudi nyuma. Kumbe ni dume, na dume hana mwiba. Nyanya alimwacha atambae kiganjani mwake mpaka alipopata joto la jua, akaruka kuelekea kwenye pasheni.