Umejitahidi

Leo ni Alhamisi na neno la Jumamosi bado limenikaa kooni. Wiki yenyewe imejaa: ofisi imehamia Mtumba, wifi amejifungua salama mtoto wa kike, kaka hashikiki kwa furaha. Lakini nikizima taa usiku, ninachosikia ni sauti ya yule mgeni kutoka Dar akikusanya kadi zake baada ya kunishinda raundi ya tatu kwenye mashindano ya Magic, mchezo wa kadi ambao kila mtu huja na deki, yaani rundo lake mwenyewe.

"Samahani dada, deki yako imekugharimu kama shilingi ngapi?"

"Elfu themanini na tano. Pamoja na mifuko ya kuvisha kadi."

"Aa! Basi kwa hela hiyo umejitahidi."

Akanipa mkono, akaenda kutafuta soda. Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo penye maumivu. Angesema kwa dharau ningekuwa na jibu. Umejitahidi ni neno la kumwambia mtoto aliyesonga ugali wa kwanza ukatoka na mabonge.

Basi nimekuwa nikimjibu kichwani, kwenye daladala, kwenye foleni ya chai. Namweleza elfu themanini na tano ni nini.

Ni kadi 58 nilizonunua moja moja, kwa majina, bila kufungua paketi hata moja. Paketi ya sasa ya Magic ina kadi 14 na huchagui kitakachotoka. Ukihitaji Lightning Bolt nne unaweza kufungua paketi za mshahara mzima usizione. Kwenye Pauper, aina ya Magic tunayocheza, ambako kila kadi lazima iwe imewahi kuchapwa katika daraja la kawaida, lile la kadi zisizo adimu, nyingi huuzwa chini ya dola moja. Gharama yenyewe iko kwenye usafirishaji, ndiyo maana tunaagiza watu watano kwa mkupuo mmoja na kugawana. Kadi na mchango wangu wa usafiri vilifika 66,000, mifuko mia moja ikawa 19,000. Mountain 17, kadi za ardhi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine, nilipewa bure, maana kila mwenye kufungua paketi anazo zimejaa droo.

Hesabu ya deki ni hii: Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt, Skewer the Critics, Fireblast, Thermo-Alchemist, Ghitu Lavarunner, Keldon Marauders na Curse of the Pierced Heart, zote nne nne. Hizo ni 40. Ongeza Searing Blaze tatu na Mountain 17, zinatimia 60. Saidibodi, yaani kadi za pembeni za kubadilisha kati ya gemu na gemu, ni 15: Pyroblast nne, Smash to Smithereens nne, Electrickery nne, Relic of Progenitus tatu. Mpinzani anaanza na uhai 20, na kadi zangu nyingi zinapiga tatu, kwa hiyo pigo saba zinammaliza. Mpango wote ndio huo.

Mtu ataniuliza kwa nini Mountain 17 wala si 20. Kwa 17, mkono wa kwanza wa kadi saba hutoka bila ardhi hata moja karibu mara 8 katika 100. Ukijumlisha na mkono wenye ardhi moja tu, inafika 35. Ni nyingi. Lakini deki hii inaishi kwa mana mbili, na kila Mountain ya ziada ukiivuta zamu ya sita ni pigo moja umelikosa. Dawa yake ni kukubali kurudisha mkono. Kwa utaratibu wa tangu 2019 unavuta saba upya, kisha unaweka moja chini ya rundo, kwa hiyo kurudisha hakuumizi kama zamani. Wanaobana matumizi wengi hawarudishi. Wamezoea kuona kila kadi kama hela, hawataki kuiacha. Mkono wenye ardhi moja na Fireblast mbili haufai hata kama ni mzuri kuutazama.

Ningemweleza pia kuhusu mifuko, maana nilimwona anavyoitazama ya kwangu. Ni ya bei ya chini, ndiyo, lakini yote 75 imetoka kwenye pakiti moja, siku moja. Ukichanganya mipya na ile ya mwaka jana, kadi zenye mifuko mipya zinateleza na kung'aa tofauti, na mwamuzi akiona Fireblast zako nne zote ziko kwenye mifuko mipya ana haki ya kukuadhibu kwa kadi zenye alama, hata kama hukukusudia. Namna ya kupima: panga deki wima, elekeza ubavu wake kwenye mwanga wa dirisha. Inayochomoza au yenye kona iliyopinda utaiona. Ile 25 iliyobaki ni akiba. Ukichanika mmoja badilisha mmoja, ikifika kumi badilisha yote. Na hapa Dodoma vumbi la kiangazi linaingia ndani ya mfuko na kukwaruza kadi kila unapochanga. Kitambaa kikavu kabla ya kila raundi, boksi lenye kifuniko, na zabibu haziliwi mezani hata kama ni msimu wake na muuzaji amesimama mlangoni. Maji yake yananata.

Yeye alikuwa na kadi nyingi za kung'aa. Zinapendeza, lakini zilikuwa zimeanza kupinda kwenye safari. Tabaka la kung'aa halinyonyi unyevu, karatasi iliyo nyuma yake inanyonya. Hewa ya Dar inaivimbisha karatasi na kadi inajikunja kuelekea usoni. Ikifika kwenye ukavu wetu karatasi inasinyaa na kadi inataka kupinda upande wa pili. Ukikata rundo, mkono unasimama palepale kwenye kadi iliyopinda. Sikumwita mwamuzi. Labda ningemwambia tu, kwa wema, kama yeye alivyoniambia umejitahidi.

Kwa hela hiyo umejitahidi.

Jana usiku nilitoa karatasi yangu ya uhai, ile ninayoandikia kwa kalamu badala ya kutumia dadu. (Dadu inasukumwa na kiwiko na hakuna shahidi. Karatasi inabaki.) Nilitaka kuona tulivyofika gemu ya tatu. Yule mgeni alikuwa na deki ya bluu, Counterspell ya kufuta kadi za mpinzani na kiumbe Tolarian Terror, na kwenye saidibodi Hydroblast, ambayo kwa mana moja tu inafuta kadi nyekundu yoyote. Pyroblast zangu, zinazofuta kadi za bluu, hazikuja; ukiwa na nne kati ya 60 unaona angalau moja kwenye mkono wa kwanza karibu mara 40 katika 100, kwa hiyo hilo silalamikii.

Karatasi inasema alikuwa na uhai 8. Nakumbuka meza ilivyokuwa. Nilikuwa na Mountain nne, kiumbe changu Thermo-Alchemist yuko mezani. (Kadi ikitumika inageuzwa ubavu, tunasema imelala; ikirudi wima imeamka.) Nikatupa Lava Spike, Alchemist akaamka, nikamlaza apige moja, hiyo ndiyo iliyomfikisha 8. Akaijibu Lava Spike kwa Counterspell, Island zake mbili za mwisho, ardhi za bluu, zikalala. Hakubaki na hata moja. Mkononi nina Lightning Bolt na Fireblast. Nikahesabu tatu na nne, saba. Anabaki na moja. Nikasema nisubiri, nikampa zamu.

Zamu yake akaamsha Island zote, akashusha Terror, akabakiza Island moja wima. Nilipotoa Fireblast kwa kutoa sadaka Mountain mbili, Hydroblast ikatoka. Sadaka ni malipo, hairudi hata kadi ikifutwa. Nikabaki na Mountain mbili na uso wangu.

Nimeyapitia hayo mara ishirini tangu Jumamosi. Jana ndipo nilipoona nilichokuwa nakiruka. Alchemist alikuwa amelala, nami nikamhesabu kama amekwisha kazi. Lakini yeye huamka kila ninapotoa kadi ya papo hapo au ya uchawi wa zamu, na anaamka kwa kutolewa kwake, hata ikifutwa baadaye. Natoa Bolt, anaamka, namlaza, moja. Bolt inashuka, tatu. Natoa Fireblast, anaamka tena, namlaza, moja. Fireblast, nne. Moja na tatu na moja na nne ni tisa.

Tisa kwa mtu mwenye nane, na Island zake zote zimelala.

Nilisimama katikati ya chumba saa sita usiku na karatasi mkononi, nimefurahi kiasi kwamba nilitaka kumwamsha mtu. Gemu ile ilikuwa yangu. Ilikuwa mezani, kwenye kadi zilezile za elfu themanini na tano, na kadi zake za kung'aa zote zisingeizuia. Nilichokosa hakiuzwi popote. Kinapatikana kwa kupanga meza ileile peke yako jioni na kuhesabu kwa sauti, na hilo naweza kulifanya kuanzia leo bila kutoa senti.

Kwa hiyo utaratibu mpya, wala sitaubadilisha hadi mashindano yajayo: kabla ya kumpa mtu zamu, nagusa kila kiumbe changu mezani, kilicholala na kilichosimama, nauliza kimoja kimoja kinafanya nini nikitoa kadi iliyo mkononi. Sekunde kumi. Raundi ina dakika 50 na deki yangu humaliza mechi kwa 25, muda ninao. Pili, Fireblast haitoki mbele ya Island iliyosimama kabla sijatanguliza Bolt imchokoze. Tatu, kadi ninazotaka kuzijaribu sizinunui. Naandika jina kwenye kipande cha karatasi, nakiingiza kwenye mfuko mbele ya Mountain, nacheza nyumbani gemu kumi. Mashindanoni hairuhusiwi, nyumbani hakuna anayekataza. Na kabla ya kuagiza chochote nasoma orodha ya zilizofungiwa. Waliokuwa na Monastery Swiftspear nne ilipofungiwa Desemba 2023 wanajua ninachosema.

Tulikuwa 11, raundi nne, kila raundi mmoja anapata pointi tatu za bure kwa kukosa mpinzani. Nilimaliza na pointi sita. Kwa gemu ile ningefika tisa na ningekuwa kwenye zawadi. Kiingilio elfu tano, bodaboda kwenda na kurudi elfu nne, chipsi mayai nilipika nyumbani nikabeba.

Akija tena nitamwomba tukae, sizungumzii bei. Nitampangia meza ileile, nimwulize kama aliiona. Nadhani aliiona. Nadhani ndiyo maana aliuliza bei haraka haraka, lakini hilo siwezi kulijua na naliacha.

Mama kapiga simu kutoka Kondoa saa moja jioni. Kwelea kwelea wameonekana kwenye shamba la jirani, na mtama wetu ndio kwanza unajaza punje. Watoto waliokuwa wakiamia ndege mwaka jana wako shule, mjomba mgongo haujapona, na Mama hawezi kusimama juani kutwa nzima. Nimemtumia elfu ishirini atafute kijana. Amesema vijana wote wa pale wameshachukuliwa na wenye mashamba makubwa.